Shangazi Anastaafu, Kifungua Mimba Bado Yuko Juu

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Shangazi atakabidhi funguo zake na kuondoka katika kituo chetu cha kuongozea satelaiti. Aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa msaidizi wa fundi wa redio. Anatoka kwa mlango wa mbele akiwa mkuu wa chumba cha uongozaji. Kati ya milango hiyo miwili kuna korido fupi yenye sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, na mwenyewe husema imemchukua miaka yote hii kuivuka kwa sababu kila alipoinua mguu alisikia mtu nyuma yake akisema, "Shangazi, hebu njoo uone hiki."

Shangazi si jina la kwenye faili. Alipewa na fundi wa antena, ambaye naye tunamwita Babu Grisi, katika juma lake la kwanza la kazi. Babu Grisi alifika asubuhi akakuta sanduku lake la zana limepangwa upya: spana kubwa upande mmoja, ndogo upande mwingine, na ile iliyoliwa meno imetengwa pembeni na kuviringishiwa kitambaa kama mgonjwa. Akalitazama sanduku, akasema, "Nilikuwa na shangazi wa namna hii. Akija kwetu likizo, nyumba nzima hatuoni vitu vyetu mpaka aondoke." Jina likaganda hapo hapo. Siku hizi hata wakubwa wa wizarani wakipiga simu huulizia kama Shangazi yupo.

Kabla ya kuendelea, kuna ombi lake ambalo ni lazima tulitaje, maana ndilo limeongoza maandishi haya. Makala za kuagana zina desturi ya kumsifu mtu mpaka asijitambue. Aliposikia kwamba toleo hili litamwandika, alikuja na kikombe chake mkononi, akakaa kwenye ukingo wa meza, akasema, "Andikeni mazuri, sikatai. Nani asiyependa kusifiwa? Lakini mkiandika nilivyopandisha vitu juu msiandike kilichobaki huko, mtakuwa mmeandika nusu." Tukamwambia siku ya kuagana ni siku ya furaha. Akajibu kwamba furaha haiharibiwi na ukweli, huharibiwa na chai ya baridi, na kwamba yetu tayari ilikuwa imepoa.

Basi tunaandika yote mawili.

Alipoajiriwa, kituo hakikuwa na satelaiti yake. Tulikuwa na antena moja yenye sahani kubwa, ambayo Babu Grisi huiita Sufuria, na kazi yetu ilikuwa kupokea picha za mawingu kutoka satelaiti za wenzetu. Shangazi alijifunza kuisikiliza Sufuria kama mama anavyosikiliza kifua cha mtoto. Ikigeuka kwa mlio mkavu alijua ni beringi ya upande wa kushoto, ikigeuka kwa kusitasita alijua ni waya umelowa. Alipanda cheo, akaenda masomoni, akarudi, akapanda tena. Alifundisha wengi wetu kazi, na namna yake ya kufundisha ilikuwa kumwacha mtu akosee katika jambo dogo ili aogope kukosea katika kubwa. Chumba cha uongozaji kilipohamia jengo jipya, mapazia yote sita yalishonwa na mume wake, fundi cherehani mwenye duka lake karibu na stendi. Matakia ya viti ni yake pia. Kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo ni cha serikali, hicho fundi hahusiki.

Katika mwaka wake wa kumi na mbili tulipata satelaiti yetu wenyewe. Ilikuwa na ukubwa wa friji ya nyumbani, na kazi yake ilikuwa kupiga picha za mito, mashamba na mabonde. Ina jina rasmi refu ambalo hakuna aliyewahi kulitumia. Sisi tulimwita Kifungua Mimba, na tangu siku ile hakuna mtu kituoni aliyemtaja kama kitu.

Wengi wanaikumbuka siku alipofumbuliwa jicho. Kamera yake ilisafirishwa ikiwa imefunikwa kifuniko cha chuma chepesi, upana wake kama sahani ya wali, ili vumbi la roketi lisiingie. Kifuniko kilishikwa na springi nne. Amri ikitumwa, springi zinafyatuka, kifuniko kinaruka kwenda zake. Shangazi ndiye aliyetuma amri hiyo. Picha ya kwanza ilipoingia, ukingo wa bahari na mto ukiingia baharini kwa rangi ya chai ya maziwa, chumba kilipiga makofi mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Katika taarifa tuliyopeleka juu tuliandika kwamba kifuniko kimetupwa salama. Hakuna aliyeuliza kimetupwa wapi. Anga ni kubwa, nani atatafuta sahani?

Kwa wasomaji wa idara nyingine, yafaa tueleze kidogo. Kitu kinachozunguka dunia katika urefu ule huenda zaidi ya kilomita saba kwa kila sekunde. Ukisema "moja, mbili," kimeshavuka mji mzima na vitongoji vyake. Kwa mwendo huo hata skrubu ni bomu. Na huko juu hakuna mfagizi. Satelaiti zilizokufa, vipande vya roketi, vifuniko, skrubu, magamba ya rangi, vyote vinaendelea kuzunguka. Viwili vikigongana vinazaa maelfu, na hao maelfu nao wanatafuta wa kugongana naye. Wakati Kifungua Mimba ni mchanga, onyo la kitu kupita karibu naye lilikuja mara moja katika miezi miwili, na siku likija tuliacha kila kitu. Miaka ya mwisho maonyo yalikuwa yanaingia kila asubuhi, mawili au matatu kabla ya chai, na tukawa tunayasoma kama watu wanaosoma bei za nyanya.

Kazi ya Shangazi ilikuwa kuamua: asogezwe au asisogezwe. Kumsogeza ni kuchoma mafuta, na mafuta ya satelaiti hayaongezwi. Hapo ndipo alipoweka kanuni ambayo vijana waliopita mikononi mwake wataisimulia mpaka kwa watoto wao. Katika tangi la Kifungua Mimba kulikuwa na sehemu ya mafuta isiyoguswa kwa lolote, si kwa onyo, si kwa picha ya waziri. Ilikuwa ya kumshushia siku maisha yake yakiisha, ili aingie kwenye hewa nzito aungue asiachwe akizurura. Shangazi aliiita sanda. Mtu akileta hesabu zake za kuimega, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa. Lakini sanda haikopeshwi." Mkuu wa kituo aliwahi kumjaribu kwa upole akamwambia ni lita chache tu. Akajibiwa kwamba sanda nayo ni mita chache tu, na hujasikia maiti iliyoombwa ipunguze.

Miaka kumi na minane alimlea namna hiyo. Nyumbani, katikati ya chakula, alikuwa akitazama saa ya ukutani na kusema, "Anapita sasa." Mume wake alizoea. Aliwaambia wateja wake dukani kwamba amelea mtoto wa kambo ambaye hajawahi kuja nyumbani hata siku ya sikukuu. Jioni, kabla ya kufunga duka, fundi huyo hupitisha sumaku sakafuni kuokota sindano na pini zilizoanguka, maana wateja wake huvua viatu wakati wa kupimwa. Alikuwa akimtania mkewe, "Na nyinyi huko juu mnaokotea na nini?" Shangazi alicheka. Wakati ule lilikuwa la kuchekesha.

Sasa tufike pale alipotaka tufike.

Mara baada ya kifuniko kutupwa, kilibaki kikielea jirani na Kifungua Mimba, kikiachana naye polepole. Kompyuta yetu, ambayo kazi yake ni kusoma orodha ya vitu vya angani na kupiga kengele kikija cha karibu, haikujua kwamba ni mali ya nyumbani. Ililia. Tukaangalia, tukaona ni kifuniko, hakina madhara, tukanyamaza. Kesho yake ikalia tena. Ililia majuma mazima, asubuhi, mchana, wakati wa kikao, wakati mkuu wa kituo akiongea na wageni. Babu Grisi alisema kengele ile ni mbuzi aliyefungiwa chumbani, na akaomba ama achinjwe ama yeye ahamishwe. Sote tulimwendea Shangazi. Tunasisitiza hapo: sote. Naye akaiandikia kompyuta agizo fupi, kwamba kitu chochote kilichosajiliwa kwa jina la kituo hiki kisipigiwe kengele. Kimya kikaingia. Tulimshukuru kwa makofi, na Babu Grisi akasema, "Leo tunakunywa chai kama watu."

Kifuniko kilikuwa chepesi. Hata kule juu kuna hewa, nyembamba sana, na hewa hiyo huvuta vitu vyepesi chini kidogo kidogo. Kwa miaka ile yote, wakati Kifungua Mimba akishikiliwa mahali pake, kifuniko kilikuwa kikizama taratibu chini yake, kwenye njia ile ile ambayo siku moja yeye angeipitia kushuka. Hakuna aliyekitaja tena. Kompyuta haikukitaja pia, kama ilivyoagizwa.

Mwaka juzi betri ya Kifungua Mimba ilianza kuchoka, na Shangazi akasema muda umefika. Watu wa idara ya mito waliomba msimu mmoja zaidi wa mvua, akawapa, na picha za msimu ule ziliwaondoa wakazi wa bondeni kabla maji hayajawafikia. Hilo nalo liandikwe. Mvua zilipokatika, sanda ilikuwa nzima kama alivyoiweka. Hamu yake ilikuwa moja, na aliisema wazi mbele yetu: amshushe Kifungua Mimba kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kustaafu, asimwachie mtu mwingine mzigo huo.

Kushusha hufanywa kwa hatua. Injini inawashwa kidogo, satelaiti inashuka kidogo, watu wanapima, wanatazama kama njia ni nyeupe, wanawasha tena. Hatua ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikwenda vizuri. Kompyuta ilikuwa kimya, na kimya chake tulikisoma kama njia nyeupe. Baada ya hatua ya nne, Alhamisi ya tarehe 17 Februari mwaka jana, simu ya mezani ililia. Alikuwa mwongozaji wa kituo cha jirani, mzee mwenye sauti ya mafua ya kudumu.

"Nyinyi mnashuka, sivyo?"

"Tunashuka," Shangazi akasema.

"Sasa mbona mko kimya? Mbele yenu kuna kitu. Kesho asubuhi mtapishana nacho kama watu kwenye ngazi."

Shangazi akamwambia orodha yetu ni safi.

"Safi ipi, dada yangu? Kwenye yetu kimeandikwa ni chenu."

Aliiweka simu mezani bila kuikata. Watu watatu waliinamia skrini moja. Fundi wa mafuta aliondoa lile agizo la zamani, kompyuta ikaanza kulia, na hakuna aliyehitaji kusoma kilichoandikwa.

Mkuu wa kituo aliitwa. Ni mtu mtaratibu, na alisema alichopaswa kusema. Anga ni kubwa, alisema, na hesabu zetu hazikuwa na uhakika kwamba vitagongana, huenda vikapishana tu. Akauliza, "Tukimpandisha akakwepa, sanda itatosha kumshusha tena?"

Shangazi akasema, "Haitatosha."

"Una hakika?"

"Nimeihesabu sanda hiyo kuliko ninavyohesabu nywele zangu. Haitatosha."

"Na betri haiwezi kungoja. Basi kama ni kumpoteza, si heri tubahatishe?"

Tuliokuwapo tunakumbuka kwamba aligeuza kiti chake. Alikuwa akitazama dirishani, ambako hakuna cha kutazama ila ukuta wa stoo na matairi mawili ya gari la kituo. Kila mtu mle chumbani alijua kilichokuwa mizanini. Akibahatisha na vikapishana, atapata kile alichokitaka kuliko kingine chochote katika kazi yake. Akikwepa, hatakipata kamwe.

"Tukiwaacha wapishane wakagongana," akasema, "badala ya mzoga mmoja tutaacha maelfu, na kila kipande kitakwenda kubisha hodi kwa watu. Bahati ni yetu, mawe ni ya wenzetu? Hapana. Mpandishe."

Akapandishwa. Kesho yake asubuhi kifuniko kikapita chini yake. Kilipita mbali kuliko tulivyohofia, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye, ingawa anajua, nasi tunajua, kwamba asubuhi ile haikuwa rahisi kulijua. Tulingoja njia ifunguke tukajaribu kushuka upya. Injini iliwaka, ikakohoa, ikazima. Tangi lilikuwa tupu. Kifungua Mimba alikuwa bado juu mno kwa hewa nzito kumpata. Watu wa hesabu wanasema itachukua miaka hamsini kumvuta chini, pengine zaidi.

Kilichobaki kilikuwa kumzima vizuri, ili betri isije ikalipuka na kumgawa vipande. Amri hiyo nayo ilitumwa na Shangazi. Alikataa kusaidiwa. Akatoa betri chaji yote, akafungua vali, akazima redio, na mistari ya kijani kwenye skrini ikalala mmoja baada ya mwingine. Kisha akachukua ndoo ya kiyoyozi, ambayo ilikuwa imejaa, akaenda kuimwaga nje. Alikaa huko muda. Hakuna aliyemfuata.

Alitusimulia baadaye kwamba jioni ile alimweleza mumewe yote, akiwa amekaa kwenye kiti cha wateja. Fundi alikuwa ameshika sumaku yake. Hakutania. "Ndipo nilipojua jambo ni zito," Shangazi alisema. "Mzee yule hutania hata mazishini."

Tangu hapo Kifungua Mimba amekuwa mmoja wa wale aliotumia maisha yake kuwakwepa. Hawezi kusogea, kwa hiyo wanasogea wengine. Kila njia yake inapokaribiana na ya satelaiti ya watu, wao ndio wanaochoma mafuta yao, wao ndio wanaokula sanda zao. Kanuni haimlazimu mtu kuomba radhi, maana onyo huenda lenyewe kwenye orodha. Shangazi hakujali kanuni. Kila mara alipiga simu mwenyewe: "Samahani, yule ni wetu, hawezi kusogea." Tulimwambia hakuna haja. Akasema mtu akikufagilia mlangoni kwako, hata kama hukumtuma, unatoka unamwambia asante, na kama taka ni zako unamwambia na pole.

Lakini hakukaa akilia. Wakati huo satelaiti yetu ya pili, Kitinda Mimba, ilikuwa bado karakanani, na kamera yake ilikuwa na kifuniko cha aina ile ile cha kurushwa. Shangazi alisafiri mpaka huko, akaomba kifuniko kitiwe bawaba, kifunguke kama mlango na kubaki mlangoni. Mbunifu wa kamera ni mwanamke kijana anayejua kazi yake vizuri, na pingamizi yake ilikuwa ya haki. Kifuniko cha kurusha kinatoka chote. Chenye bawaba kinaweza kukwama, na kikikwama kamera ni kipofu tangu siku ya kwanza. "Shangazi, unaniomba nihatarishe jicho," alisema.

"Nakuomba."

"Na kikikwama, utawaambia nini watu wa mito?"

"Nitawaambia mimi ndiye niliyeomba. Wewe utakuwa umejificha nyuma yangu, si unaona nilivyo mpana."

Walibishana siku nzima, wakala pamoja, wakabishana tena. Bawaba ikatiwa.

Kitinda Mimba alifumbuliwa jicho mwaka huu, Jumanne ya tarehe 14 Machi. Tungependa kuandika kwamba kifuniko kilifunguka chote. Kilifunguka robo tatu, kikasimama. Tulituma amri tena na tena. Hakikusogea zaidi. Picha ya kwanza ilikuwa safi, mto, mashamba, barabara nyeupe, na kwenye kona ya juu kulia palikuwa na weusi kama kidole cha mpiga picha. Mbunifu alilaza kichwa mezani. Shangazi alimshika bega akasema, "Inuka, mwanangu. Anaona. Mimi mwenyewe jicho la kulia halioni vizuri na nimefika kustaafu."

Kona hiyo iko kwenye kila picha na itabaki kwenye kila picha. Si jambo dogo. Watu wa mito wakati mwingine hukuta bonde wanalolitaka limeangukia mle, nao hungoja satelaiti ipite tena ndipo wapate jibu lao, na mvua haimngoji mtu. Shangazi analijua hilo na halisemi kwa kujivuna. Mkuu wa idara yao alipopiga simu kulalamika na kuuliza ule weusi ni kitu gani, alimjibu, "Hicho ni kifuniko chetu. Mtuwie radhi. Angalau hicho tunajua kilipo."

Hayo ndiyo aliyotaka yaandikwe. Mengine tunayaandika kwa hiari yetu, na asipoyapenda atatusamehe. Kwamba leo kompyuta yetu hupiga kengele kwa kila kitu, na kwa vya kwetu hupiga kwa sauti ya juu zaidi. Kwamba vituo vingine vitatu vimemwomba mbunifu mchoro wa bawaba, na ameupeleka ukiwa umerekebishwa. Kwamba katika miaka thelathini na moja hajamwacha mtu wa zamu bila chai, wala hajamwacha mtu mwenye msiba bila kwenda kumwona. Na kwamba sukari ikiisha kabla ya mwisho wa mwezi, anajua nani ameimaliza, na hasemi, anamtazama tu.

Jumatatu iliyopita onyo liliingia. Kifungua Mimba angepita karibu na satelaiti ya kituo kimoja cha mbali ambacho hatujawahi kukitembelea. Shangazi akavuta simu kama kawaida yake. Aliyepokea ni kijana ambaye hajawahi kumwona kwa macho. Hata kabla hajamaliza kusema samahani, kijana akamkatiza: "Tumeshasogea, Shangazi. Usihangaike."

Akamshukuru, akaweka simu chini. Kisha akasema, si kwa mtu fulani, "Wana adabu. Lakini siku moja watachoka kusogea."

Shangazi, ulitaka umshushe kwa mkono wako na hukuweza, nasi hatutakudanganya kwamba jambo hilo limekwisha. Wengi wetu tutastaafu yeye angali akizunguka. Kuanzia Jumamosi simu hiyo tutaipiga sisi, kila mara, kwa kila kituo, na tutasema kama ulivyotufundisha: yule ni wetu. Asante kwa kazi ya maisha yako. Nenda nyumbani kwa mzee wako, ule chakula chako mpaka mwisho bila kutazama saa, na Mungu akupe siku nyingi zenye afya na usingizi mtulivu.